Wasifu wa Harriet Tubman: Sifa na Ukweli

Sarah Bradford alitunga vitabu viwili juu ya Harriet Tubman, cha kwanza mwaka 1869 na cha pili mwaka 1886. Nia yake ilikuwa njema: mapato yamfae shujaa huyo, ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Lakini nia njema haimwondolei mwandishi wajibu wa kupima maneno yake. Bradford asimulia safari 19 na watu zaidi ya 300 waliokombolewa. Utafiti wa Kate Clifford Larson, uliochapishwa mwaka 2004, waonyesha safari 13 hivi na watu wapatao 70.

Je, shujaa amepungua? La hasha! Tubman alitoroka utumwani Maryland mwaka 1849. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyomwezesha bwana kumkamata mtoro hata katika majimbo yasiyo na utumwa. Naye akarudi huko tena na tena. Wengi aliowatoa walikuwa jamaa na rafiki zake, wakiwamo kaka zake na wazazi wake wazee. Mia tatu wasio na majina hutustaajabisha. Sabini wanaojulikana hutufundisha thamani ya kila mmoja.

Basi tunapowafunza wanafunzi wetu kuandika wasifu, tuwazoeze kuuliza: habari hii imetoka wapi? Kumtilia shujaa chumvi ni kumshuku kwamba matendo yake hayatoshi. Wahenga walikwisha kusema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.