Gari Lizimikalo Likipata Joto

Miongoni mwa maradhi ya magari ya zamani, yale yenye kabureta na platini, hapana ugonjwa unaowapotosha mafundi na kuwamalizia fedha wenye magari kama kuzimika kwa injini iliyokwisha kupata joto. Kwani gari huondoka asubuhi halina ila yoyote, likaenda saa nzima kwa raha, kisha likafa njiani, na baada ya kupumzika nusu saa likawaka tena kana kwamba halikupatwa na lolote. Hapo ndipo penye hadaa, maana lolote atakalolitenda dereva katika nusu saa ile, awe amefunga tambara bichi juu ya pampu, au amepuliza bomba la petroli, au amesoma dua tu, atalihesabu kuwa ndilo dawa, hali aliyeponya ni muda.

Mathalani, Peugeot 504 pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, iliyokuwa ikichukua shehena hadi Voi, mwendo wa takriban kilomita 150, aghalabu ilizimika baada ya kuipita Mariakani. Mafundi waliotangulia walikwisha kuibadilisha pampu, kuisafisha kabureta na kuitia plagi mpya, kwa dhana kwamba petroli ilikuwa ikichemka ndani ya bomba. Dhana isiyo ya kipuuzi, kwa kuwa sehemu nyepesi za petroli huanza kugeuka mvuke hata kabla ya nyuzi 40, na chini ya boneti joto hupita hapo kwa mbali. Walakini dhana, hata iwe na nguvu vipi, si ithibati.

Fundi aliyeipokea mwisho alikataa kufungua hata skrubu moja gari likiwa zima. Alichukua kondensa, koili, waya mrefu na chupa ya maji, akafuatana na mwenyewe mpaka lilipozimika. Injini inayokosa petroli aghalabu husitasita, ikavuta na kuachia kabla ya kufa. Hii ilikatika mara moja, kama taa iliyozimwa. Bila kungoja ipoe akafungua kifuniko cha tanki, asisikie hewa ikivutwa ndani, basi tundu la pumzi halikuziba. Akaondoa kichujio cha hewa, akavuta waya wa akseleta, na petroli ikaruka ndani ya koo la kabureta. Nusu ya tuhuma ikaanguka kwa dakika chache.

Kisha akachomoa waya mnene utokao katikati ya koili, akaushika kwa koleo lenye mpira karibu na chuma cha injini huku mwenye gari akipiga starta: cheche ikatoka dhaifu, nyekundu, isiyoweza kuruka. Kwa kitendo hicho kofia ya distributa na rota zilitoka lawamani, kwa kuwa cheche ilikwisha kudhoofika kabla haijazifikia. Akapeleka umeme wa betri moja kwa moja hadi koili, ili swichi na nyaya zake zisishukiwe, hapakubadilika kitu. Akatazama platini, nazo zilikuwa zikifunga na kufunguka. Akaunga kondensa nyingine, hali ikawa ile ile. Hapo ndipo alipoizungushia koili kitambaa kilicholowa, na muda si mrefu, injini yenyewe ingali inaunguza mkono, cheche ikarudi na rangi yake ya samawati. Kitambaa hiki si sawa na tambara la madereva, kwani kilifungwa mahali pamoja tu, baada ya washukiwa wengine kuondolewa, na kabla muda haujawahi kuwaponya wote kwa pamoja.

Koili hiyo ilikuwa imekwisha kupimwa kwa mita hapo awali na kuitwa nzima, na huenda msomaji akauliza imekuwaje. Mita hupima kwa volti chache, tena koili ikiwa baridi, ilhali kazi ya koili ni kuzaa volti maelfu kwa maelfu. Kihami kilichochoka baina ya nyuzi zake huzizuia zile chache, kisha kikipata joto kikazivujisha zile nyingi. Bali mita ilikuwa imesema jambo jingine ambalo hapana aliyelisikiliza: ilisoma omu 1.5. Koili ya namna hiyo imeundwa ifanye kazi pamoja na rezista ya nje, nayo pikapu hii haikuwa na rezista. Hivyo platini zilipofunga, kwa betri ya volti 12, zilipita ampea 8 badala ya 4 ambazo koili ya omu 3 ingepitisha, na joto lililozaliwa ndani yake likawa maradufu. Lau fundi angetia koili mpya ya jinsi ile ile, gari lingalipona kwa kitambo, kisha maradhi yangalirudi, na lawama ingaliangukia tena petroli.

Alitia koili ya omu 3, wakafika Voi salama. Wengi wangalikomea hapo. Yeye, wakati wa kurudi, injini ikiwa imekolea joto, aliirudisha koili ya zamani makusudi, gari likazimika, akaiondoa, likawaka. Mwenye gari alinung'unika kwa kucheleweshwa, na kwa mtu aliyekwisha kulipia pampu isiyokuwa na kosa manung'uniko hayo naona yalikuwa haki yake. Lakini kwangu mimi jaribio hilo lina thamani kuliko safari nzima ya kwenda. Platini, zilizokuwa zimeungua kwa umeme uliozidi, zilibadilishwa Mombasa na kupimwa mwanya wa milimita 0.4.