"Uhuru wa Watumwa" Katika Madarasa ya Ufipa

Miongoni mwa vitabu vya zamani ambavyo yafaa virudishwe mbele ya wanafunzi wa sekondari, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934, kina haki ya pekee na hatari ya pekee. Haki yake ni mwendo wa hadithi: watu wanatekwa bara, wanapakiwa jahazini, manowari ya Kiingereza inalikamata jahazi, na mwisho wanapata makao Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kijana wa Sumbawanga ambaye hajaiona bahari hahitaji kushurutishwa asome. Hatari yake imekwisha kutajwa na wahakiki wengi, yaani kwamba kitabu chamsifu Mwingereza kupita kiasi na kumbebesha Mwarabu lawama. Lakini kulitangaza jambo hili darasani hakutoshi. Mwanafunzi ataiandika hukumu hiyo daftarini, na kuirudia siku ya mtihani, bila kuiona ndani ya kitabu chenyewe.

Kitabu na kisomwe kwanza chote, kwa sauti, kwa ajili ya hadithi yake. Kisha mwalimu aingie kwa mlango wa sarufi. Neno mtumwa latokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa. Ni mtu ambaye mwenye kumtuma ni mwingine. Na mateka ni waliotekwa. Katika masimulizi ya Mbotela watu hawa hutekwa, huuzwa, kisha huokolewa. Hata uhuru wao waja kwa tendo la mwingine. Uchaguliwe ukurasa mmoja tu, na kwa kila kitenzi liulizwe swali: mtenda ni nani?

Baadaye waulizwe juu ya neno mtoro. Kwao mtoro ni mwenye kukosa shule, nao watacheka, hapana ubaya. Lakini katika pwani ya karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyejitoa utumwani kwa miguu yake mwenyewe. Nyuma ya Mombasa watoro walikuwa na kijiji chao, Fuladoyo. Na mwaka 1888 watoro wapatao 1,400 walikuwa katika misheni, wengi wao Rabai, hata Kampuni ya Kiingereza ikalazimika kuwalipa mabwana zao fidia. Watu hao hawakungoja manowari, wala hawaingii kwa urahisi katika hadithi ya kuokolewa.

Ufipa nayo ina mfano wake. Jina la Atiman wanafunzi hulijua kwa sababu ya hospitali iliyoko mjini Sumbawanga. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa utotoni, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko kwa zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Maisha haya yaanza kwa vitenzi vile vile vya Mbotela, kisha sarufi yabadilika: alitibu, alifundisha, alioa. Darasa na liyaandike kama sura ya riwaya, mara mbili. Mara ya kwanza mapadre wakiwa watenda, mara ya pili Atiman mwenyewe.

Limebaki swali la nani aliyeuza, ambalo walimu wengi hulikwepa kwa adabu. Misafara ya bara haikuwa ya Waarabu peke yao. Hapa wazee wa nyumbani wasaidie: kila mwanafunzi awaulize kwa neno gani la Kifipa aliitwa mtu wa namna hiyo, na kama neno hilo, kama mtumwa, limeundwa katika kauli ya kutendwa.