Skrini ya Mraba na Skrini Pana: Kuchagua Skrini ya Gemu Muthurwa

Skrini nyingi za kompyuta zinazouzwa kwa bei ya mtumba jijini Nairobi ni za maumbo matatu. La kwanza ni lile ambalo wauzaji huliita mraba: inchi 17 au 19, pikseli 1,280 kwa upana na 1,024 kwa kimo, yaani uwiano wa 5:4. La pili ni pana kiasi, 16:10, ambalo mara nyingi huja kwa inchi 19 lenye pikseli 1,440 kwa 900, au inchi 22 lenye 1,680 kwa 1,050. La tatu ni 16:9, umbo la televisheni za leo, na humo ndimo zilimo 1,366 kwa 768, 1,600 kwa 900 na 1,920 kwa 1,080. Nyingi zilianza maisha kwenye meza za ofisi ng'ambo, zikaletwa kwa kontena, zikapitia maduka ya Luthuli Avenue na River Road, kisha zikafika kwenye vyumba na vibanda vya gemu vya mitaa ya Eastlands: Muthurwa, Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni. Zilitengenezewa barua na hesabu, si michezo, kwa hiyo anayezitaka kwa gemu anapaswa kuzikagua kwa jicho jingine kabisa.

Kosa la kawaida sokoni ni kununua inchi. Inchi hupimwa pembe hadi pembe, na kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu umbo. Skrini ya mraba ya inchi 19 ina kimo cha sentimita 30 na upana usiofika 38. Skrini pana ya inchi 24 yenye uwiano wa 16:9 ina kimo hichohicho cha sentimita 30, ila upana wake ni 53. Anayetoka kwenye mraba wa 19 kwenda kwenye pana ya 24 hapotezi chochote juu wala chini. Anaongezewa pembeni tu. Lakini anayebadilisha mraba wa 19 kwa pana ya 19 ya 16:10 amepunguziwa kimo hadi karibu sentimita 26, na eneo zima la kioo limepungua pia. Hiyo pana ya inchi 19 husifiwa sana na wauzaji kwa sababu ya sura yake ya kisasa, lakini kwa gemu ndiyo ununuzi dhaifu kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Upana una faida pale tu gemu inapoutumia. Michezo mingi ya kompyuta ya kulenga shabaha hushikilia kimo cha picha na kufungua pembeni: katika Counter-Strike, mchezaji mwenye skrini ya 4:3 huona nyuzi 90 za mbele yake, na mwenye 16:9 huona takriban 106. Nyuzi hizo 16 zinatosha kumwona adui anayejitokeza ubavuni. Hata hivyo, wachezaji mahiri wengi wa mchezo huo huchagua 4:3 kwa makusudi na kuinyoosha ijaze skrini pana. Miili ya maadui hunenepa kwa theluthi moja na kuwa rahisi kuilenga, nao wanakubali kupoteza pembeni. Chaguo hilo lina mantiki katika Counter-Strike, wala si kanuni ya gemu zote. Kwenye mpira wa miguu, ambao ndio uhai wa vibanda vya Eastlands, hali ni kinyume. Mpira ukiwa katikati, skrini pana huonyesha winga anayekimbia upande wa pili. Kwenye mraba winga huyo yuko nje ya picha na pasi hutolewa kwa kubahatisha.

Mashine yenyewe huamua mengi kabla ya ladha ya mchezaji. PlayStation 3 ya 2006 na PlayStation 4 ya 2013 zilibuniwa kwa televisheni pana, na PS4 hutoa picha kwa HDMI peke yake. Ikiunganishwa na skrini ya mraba kupitia adapta ya DVI, mara nyingi picha hunyooshwa kwenda juu: wachezaji wanakuwa warefu na wembamba, na mpira unakuwa yai. Baadhi ya skrini huikataa ishara hiyo kabisa, na zile za zamani zisizotambua ulinzi wa nakala wa HDCP zinaweza kubaki nyeusi. Skrini ya 16:10 inafaa endapo menyu yake ina chaguo la kulinda uwiano, ili iweke mistari myeusi juu na chini badala ya kunyoosha. Chaguo hilo litafutwe dukani, kabla ya pesa kutoka. Kwa PS2 mjadala ni mfupi: gemu zake nyingi ni za 4:3 na waya zake ni za televisheni, hivyo televisheni ndiyo mahali pake.

Kwa kompyuta, swali ni nguvu. Skrini ya mraba ya 1,280 kwa 1,024 ina pikseli 1,310,720. Ile ya 1,920 kwa 1,080 ina 2,073,600, zaidi kwa asilimia 58, na kila fremu lazima zote zichorwe. Kompyuta iliyotoka ofisini bila kadi ya grafiki ya kutajika hulemewa na tofauti hiyo mara moja. Kwa mashine ya namna hiyo skrini ya 1,600 kwa 900 ni chaguo la busara ambalo watu hulipita bila kuliangalia: inatoa umbo pana kwa nyongeza ya asilimia 10 tu ya pikseli juu ya mraba. Mraba wenyewe bado una heshima yake kwa anayecheza gemu za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo menyu na ramani zake zilichorwa kwa 4:3. Atambue tu kwamba 5:4 si 4:3 kamili, na picha ya 1,024 kwa 768 hurefuka kidogo juu yake.

Kushusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli, kwenye skrini kubwa si dawa kamili. Skrini bapa ina idadi moja ya pikseli iliyozaliwa nayo. Ikipewa idadi nyingine hukisia, na picha hupata ukungu. Ukungu huo huonekana kwanza kwenye maandishi madogo: tarakimu za saa ya mechi, majina chini ya wachezaji, kona za herufi. Ndiyo sababu jaribio la dukani lifanywe kwa resolusheni asilia. Kama waya ni wa VGA, kitufe cha kujirekebisha kibonyezwe kwanza, kwani herufi zinazotetemeka kwa VGA si lazima ziwe ugonjwa wa skrini.

Kibandiko cha nyuma husema zaidi ya muuzaji. Kwa skrini nyingi za ofisi za Dell, herufi ya mwisho ya jina hutambulisha umbo: P1913S ni mraba, P1913 bila S ni pana ya 1,440 kwa 900. P2213 ni 1,680 kwa 1,050, ilhali P2214H, yenye H mwishoni, ni 1,920 kwa 1,080. U2412M ni inchi 24 ya 1,920 kwa 1,200 yenye paneli ya IPS, na ikipatikana ikiwa nzima, kwa mchezaji wa kompyuta ni mali.

Aina ya paneli ina uzito mkubwa zaidi kibandani kuliko nyumbani. Paneli ya TN hubadilika rangi mtu akiitazama kutoka chini au ubavuni, na kwenye benchi la watu wanne, wawili wa pembeni huona picha iliyofifia. IPS huwapa wote picha moja. Kipimo ni kuweka picha angavu, kuchuchumaa mbele ya skrini, kisha kusimama kando. Ukaguzi uendelee kwa rangi tupu. Nyeupe hufichua manjano ya taa iliyochoka, alama za kubonyezwa na kivuli cha madirisha ya programu yaliyokaa hapo miaka mingi. Nyeusi, katika giza la kitambaa kilichofunikwa juu, huonyesha mwanga unaovuja kingoni. Nyekundu, kijani na buluu hudhihirisha pikseli zilizokufa. Skrini za zamani za taa za mirija huchukua dakika kadhaa kufikia mwangaza wake, na hula umeme zaidi ya zile za LED, jambo ambalo mwenye kibanda hulihisi kwenye tokeni za umeme.

Umbali wa macho ndio unaoweka kikomo cha ukubwa. Katika vyumba vidogo vya nyumba za zamani za reli Muthurwa, mchezaji hukaa chini ya mita moja kutoka kwenye kioo. Kwa umbali huo inchi 22 hadi 24 za 1,920 kwa 1,080 hutulia vizuri. Kwenye inchi 27 zenye idadi hiyohiyo pikseli huanza kuonekana moja moja. Skrini pana zaidi za 2,560 kwa 1,080 hudai kadi yenye nguvu, na PS4 huziachia mistari myeusi kulia na kushoto. Kwa kuwa skrini nyingi za ofisi hazina spika na DVI haibebi sauti, mwenye PS4 atachomeka hedifoni kwenye padi, na mwenye kibanda atatafuta skrini ya HDMI yenye tundu la kutolea sauti.