Mlinzi wa Kilobaiti Chache

Kompyuta yangu ya 486 hapa Kaniha, Kagera, huwaka jioni tu, betri ya sola ikiwa imeshiba. Kioo cheusi, C:\>, na kijimstari kinachopepesa. Naandika LH VSAFE, nabonyeza Enter, maneno machache yanatokea, kisha kimya. Asiyejua atadhani hakuna kilichofanyika.

VSAFE, programu ya kulinda kompyuta dhidi ya virusi, ilikuja na MS-DOS 6 mwaka 1993, kazi ya Central Point Software. Programu nyingine ikimaliza shughuli hurudisha kumbukumbu na kwenda zake. Hii huiambia DOS: nimemaliza, ila nafasi yangu usiiguse. Kabla ya kutulia huenda mwanzo kabisa wa kumbukumbu, kwenye jedwali la baiti 1024 lenye anwani 256, wanakopitia wote wanaotaka kusoma diski au kuendesha faili. Hufuta anwani iliyopo, huandika yake, na ile ya zamani huitia mfukoni. Tangu hapo kila ombi hubisha hodi kwake kwanza. Likiwa safi hulipitisha kwa mwenyewe, nawe husikii lolote. Hiyo LH ni adabu tu: akakae juu ya zile kilobaiti 640 ambazo programu zote huzigombea.

Ukibonyeza Alt+V hufunguka orodha ya ulinzi wa aina nane. Namba 5, ya virusi vya sekta ya kuwashia, huja imewashwa. Namba 3, kuzuia uandishi wowote, huja imezimwa, na iachwe hivyo! Niliiwasha siku moja nikiandika muhtasari wa kikao. Kila nikihifadhi, nasimamishwa. Nikawa mgeni kwangu.

Virusi siku hizo vilipanda basi, ndani ya disketi, mfukoni mwa shati. Kati ya 1991 na 1994 utafiti wa Muhimbili na Benki ya Dunia ulihoji kaya zaidi ya 800 hapa Kagera, nyingine hadi mara nne. Fikiria majibu hayo yote, yakiwa kwenye kompyuta, yakiliwa na virusi vya disketi moja.

Mlinzi huyu alikuwa na kasoro ya aibu: palikuwa na ombi la siri la kumwondoa kazini, na watunga virusi wakalijua.

Mimi humuaga kwa VSAFE /U. Kama kuna programu iliyopakiwa juu yake, hiyo itangulie kutoka. Kisha anatoa mfukoni ile anwani ya zamani, anairudisha jedwalini ilipokuwa, ndipo anaachia nafasi.