Rangi ya Mafuta Juu ya Ukuta Unaotoa Chumvi

Kazi ya kukarabati nyumba ya umma ya kupanga kule Kashai, Bukoba, iliharibika pale mkaguzi alipoandika kwenye daftari lake: plasta na rangi, ndani. Kila kilichofuata kimetokana na maneno hayo manne. Wasomaji wa safu hii mmeifuatilia nyumba hii tangu masika. Mmeona picha za chumba cha watoto kabla ya matengenezo na baada yake, na wengi mliniandikia mwezi wa Agosti mkisifu weupe wa ukuta. Sikuusifu wakati ule. Sasa vuli imekolea, rangi imetoka malengelenge, na mstari wa chumvi uliokuwa ukifika magotini umevuka kiuno.

Yaliyofanywa sawasawa niyataje: gata mpya zimefungwa, bati lililotoboka limebadilishwa, mafundi walifika siku waliyoahidi na plasta yao imenyooka.

Turudi kwa mkaguzi, kwa sababu pale ndipo penye kesi. Alifika Julai, katikati ya kiangazi, wakati ambao hata ukuta mgonjwa wa Bukoba unajikausha kidogo na kudanganya macho. Nilikuwepo. Alimsalimia mama mpangaji vizuri, "Shikamoo mama," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu, karibu ndani uone." Akaweka kiganja ukutani, akaangalia silingi bodi, akauliza swali ambalo kila mpangaji wa nyumba ya umma amewahi kuulizwa: "Mama, mnapikia humu? Mnaanika nguo ndani?" Mama akamjibu kwa upole kwamba jiko liko uani na kamba ya nguo iko uani. Mkaguzi akatikisa kichwa kama aliyesikia, akaandika. Hakuzunguka nyuma ya nyumba. Hakutoa futi kupima mstari ule umefika wapi. Hakukwangua hata kipande cha plasta kuona ndani kukoje.

Ukuta ule ulikuwa unasema wenyewe. Unyevu wa paa huanzia juu na kushuka. Unyevu wa dirisha huzunguka dirisha. Mvuke wa pumzi, wa sufuria na wa nguo mbichi huganda kwenye pembe za juu na nyuma ya kabati, pale hewa isipopita, nao huleta madoa meusi ya fangasi. Hapa pembe za juu zilikuwa safi. Doa lilikuwa chini, limenyooka sambamba na sakafu urefu wote wa ukuta wa nje, na juu yake kulikuwa na unga mweupe unaobaki kidoleni. Ule unga ni chumvi ya ardhini. Haitoki kwenye sufuria ya mama, inatoka kwenye udongo: maji yanaibeba, yanapanda nayo ndani ya tofali, yanakauka usoni mwa ukuta na kuiacha pale. Mwenye shaka angebandika kipande cha nailoni ukutani, akakiziba kwa gundi pande zote na kukiacha siku chache. Maji yakionekana upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakionekana upande wa chumba, unyevu uko hewani. Jaribio hili halihitaji mhandisi wala bajeti.

Na angezunguka nyuma angekuta jibu. Nyumba ilijengwa na DPC yake, tabaka la kuzuia maji kati ya msingi na kuta, juu ya usawa wa ardhi kama inavyotakiwa. Miaka kadhaa baadaye mtu akamwaga kibaraza cha zege kuzunguka nyumba, akakiinua mpaka kikapita DPC na kugusa tofali. Mvua ikipiga, maji yanasimama juu ya kibaraza kwa sababu hakina mteremko, yanaingia kwenye tofali juu ya kinga na kuanza kupanda. DPC bado iko, lakini imezikwa. Hapo hakuna plasta duniani itakayosaidia.

Sasa angalia walichofanya. Walikwangua chumvi, wakapiga plasta ya saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, wakaskimu, wakamalizia kwa rangi ya mafuta. Yaani walichukua ukuta ambao ulikuwa angalau unapumulia ndani na kuuziba pua. Maji kutoka kibarazani hayakuambiwa yasije, yameendelea kuja. Tofali ni kama utambi wa koroboi: ukifunika sehemu inayokaukia, maji hupanda mpaka yapate pengine pa kutokea. Ndiyo maana mstari umepanda. Chumvi ikigandia nyuma ya rangi isiyopitisha hewa hutanuka na kuisukuma, na hayo ndiyo malengelenge yenyewe. Waliobandua moja wamekuta unga na maji nyuma yake. Fundi hana kosa hapa, alifanya alichoandikiwa, na alikifanya kwa mkono safi.

Kosa la pili limo ndani ya kosa la kwanza: haraka. Mafundi wana kanuni ya zamani kwamba ukuta uliolowa hukauka kwa kadiri ya milimita 25 za unene kwa mwezi, tena baada ya chanzo cha maji kukatwa. Ukuta wa inchi 6 unataka nusu mwaka. Hapa kwetu, hewa ikiwa nzito kama ilivyo kando ya ziwa, ongeza. Wao walikwangua na kupiga plasta ndani ya wiki ile ile, kisha wakamletea mama karatasi ya kusaini kwamba kazi imekamilika. Akasaini, kwa sababu ukuta ulikuwa mweupe na kiangazi kilikuwa bado hakijaisha. Kazi ya unyevu isainiwe baada ya mvua. Nimeliandika hili mara nyingi na nitaliandika tena.

Nimelalamika miaka mingi kuhusu michoro inayoletwa Kagera kana kwamba Bukoba ni Dodoma. Dodoma haifikishi milimita 700 za mvua kwa mwaka, Bukoba inapata karibu 2,000, na Aprili pekee hupita 300. Mvua yetu inatoka ziwani, mara nyingi usiku na alfajiri, ikisukumwa na upepo wa mashariki, hivyo haianguki wima bali inapiga ukuta. Kashai nako ni tambarare, maji ya milimani yanaishia huko yakitafuta mto Kanoni na ziwa, na ukichimba shimo kule Matopeni huendi mbali kabla ya kukuta maji. Mahali kama hapa kibaraza kisicho na mteremko ni kosa la kiufundi, na hizi nyumba za kisasa za paa la kuficha, zisizo na hata nusu mita ya bati linalotoka nje ya ukuta, ni kosa kubwa zaidi. Tutazilipia.

Wazee wetu walilijua hili bila vitabu. Mushonge wa Wahaya ulikuwa paa tupu, nyasi kutoka kileleni mpaka ardhini, hakuna ukuta uliosimama mbele ya mvua, na moshi wa jikoni ulikausha kila kitu kutoka ndani. Waliojenga maduka ya zamani pale mjini waliweka baraza pana lenye paa mbele, na plasta yao ilikuwa ya chokaa, ambayo hupitisha mvuke na kuuachia ukuta nafasi ya kukauka. Kisha tukaanza kuabudu saruji. Leo ukimwambia fundi kijana apige plasta ya chokaa na mchanga anakutazama kama umemtukana, na dukani chokaa anaiona ni ya kuchora mistari ya kiwanja cha mpira. Ukuta ule wa Kashai, kibaraza kikishashushwa, ulihitaji chokaa.

Na wenye nyumba wa umma wa zamani? Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, nchi ikiwa changa, kwa nia ya kumtoa mwananchi kwenye kibanda. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Nia ile ya 1962 ndiyo ninayoipima nayo kila taasisi ya umma inayopangisha leo, iwe shirika, wakala au halmashauri. Ile ya Kashai siitaji, kwa sababu nimekuwa nikisimama upande wa mpangaji tangu mwanzo. Lakini ikumbuke kwamba serikali ilijifanya mwenye nyumba kwa hiari yake, kwa hoja kwamba ingekuwa bora kuliko yule wa kwanza.

Kwa anayedhani kuambiwa upake rangi juu ya fangasi ni jambo dogo, atazame Rochdale, Uingereza. Mwaka 2017 familia iliyopanga nyumba ya jamii kule iliripoti fangasi ukutani, ikaambiwa ipake rangi. Fangasi walirudi, lawama zikaelekezwa kwenye namna familia ilivyoishi, na Desemba 2020 mtoto wao Awaab Ishak akafa akiwa na miaka miwili. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alisema wazi kwamba kifo kilitokana na maradhi ya kupumua yaliyosababishwa na kukaa muda mrefu ndani ya fangasi wale. Mkuu wa taasisi ile aliondolewa, Bunge likapitisha sheria mwaka 2023, na tangu Oktoba 2025 mwenye nyumba ya jamii Uingereza ana saa 24 kushughulikia hatari ya dharura na siku 10 za kazi kuchunguza hatari kubwa ya unyevu. Chumba tunachokijadili hapa wanalala watoto. Mkaguzi alikiona.

Kwetu hakuna saa 24, lakini si kweli kwamba hakuna kitu. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, uamuzi ambao sijausamehe mpaka leo, na mpangaji akabaki na Sheria ya Ardhi ya 1999. Kifungu cha 88 kinaingiza kwenye mkataba, hata kama haukuandikwa, ahadi ya mwenye nyumba kwamba nyumba ya kuishi inafaa kwa binadamu siku ya kuingia na itaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Penye sehemu tu ya jengo iliyopangishwa, kinamtaka atunze paa, kuta za nje na mifereji mikuu. Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 nayo inampa afisa afya nguvu juu ya nyumba inayohatarisha afya. Mgogoro ukishindikana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hapo hapo Bukoba.

Mama alicheza karata hizi vizuri kuliko wengi niliowaona. Simu zake hazikuzaa kitu. Akaandika barua nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa masjala na kubaki mkononi mwake, akaambatanisha picha zenye futi iliyosimamishwa ukutani, nakala akampa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata. Ukaguzi ukaja. Jirani alimshauri azuie kodi mpaka watengeneze, akakataa, na alikuwa sahihi: ukidaiwa kodi, kesi ya unyevu inageuka kesi yako ya deni.

Alichokosa ni kuwaambia wakague nini. Barua ya kwanza ililalamikia ukuta wa ndani, nao wakajibu ukuta wa ndani. Barua ya pili, ambayo imeshapokelewa na kugongwa muhuri, inaanza nje. Inadai kibaraza kikatwe upana wa nusu mita kutoka ukutani na kushushwa chini ya DPC, mtaro uchimbwe ukajazwe kokoto, na maji ya gata mpya yapelekwe mbali na msingi, kwa sababu kwa sasa yanamwagwa pale pale kibarazani. Ndani, plasta yote ya Julai ibanduliwe mpaka juu ya mstari wa chumvi, tofali ziachwe wazi zipumue masika nzima, na plasta ya chokaa ipigwe kiangazi kijacho. Karatasi ya kukamilika isisainiwe kabla ya vuli inayofuata.

Ofisi imejibu kwa mdomo kwamba mpangaji hawezi kukaa na tofali wazi. Anaweza, na amesema atakaa, watoto wakihamia chumba cha mbele. Anachotaka ni kibaraza kikatwe kabla ya Machi, na kodi ipunguzwe kwa chumba asichokitumia mpaka ukuta ukauke.