Ufundi wa Kumpima Mratibu wa Ulinzi

Tarehe 4 Januari 2012, huko Miami Gardens, Florida, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha Clemson ilifungwa pointi 70 katika mchezo wa Orange Bowl. West Virginia 70, Clemson 33. Hadi mapumziko ubao ulikuwa umeshafika 49 kwa 20. Geno Smith wa West Virginia alirusha pasi sita za tachidauni, na nne kati yake zilidakwa na Tavon Austin, kijana mfupi mwenye mbio ambaye walinzi wa Clemson walikuwa wakimwona mgongo tu. Kabla mwezi haujaisha Kevin Steele, mratibu wa ulinzi, alikuwa ameshaondoka, na kiti chake amepewa Brent Venables kutoka Oklahoma.

Katika futiboli ya Kimarekani mratibu wa ulinzi si msaidizi wa kubeba filimbi. Yeye ndiye anayeamua, kabla ya kila jaribio la mpinzani kusogeza mpira, wachezaji wake 11 wasimameje: nani amfuate mpokeaji, nani aache nafasi yake na kumvamia kwatabeki, yule mrushaji wa pasi, nani abaki nyuma kulinda pasi ndefu. Huamua hivyo makumi ya mara kwa mchezo mmoja, kwa sekunde chache kila mara, baada ya wiki nzima ya kutazama picha za mpinzani. Vyuo vikubwa humlipa fedha nyingi. Kufikia mwaka 2021 mshahara wa Venables ulikuwa dola milioni 2.5 kwa mwaka, pesa ambazo makocha wakuu wengi hawazioni.

Ndiyo maana, jina la mratibu mpya likitangazwa tu, watu hukimbilia takwimu. Alifungwa pointi ngapi kwa mchezo? Timu yake ilikuwa ya ngapi nchini? Jibu hupatikana kwa dakika moja, na kwa kawaida halisemi wanachodhani linasema. Kusoma rekodi ya mratibu ni ufundi kamili, una zana zake na subira yake, na waliobobea humo wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Tuchukue hizo pointi 70. Katika robo ya pili, West Virginia wakiongoza 21 kwa 17, Clemson walikuwa mlangoni kabisa, wakitafuta tachidauni ya kuwapitisha mbele. Mpira ukamponyoka mkimbiaji wao, Darwin Cook wa West Virginia akaunyakua na kukimbia nao yadi 99 hadi mwisho wa uwanja. Pointi zile ziliingia kwenye hesabu ya Steele, ilhali wachezaji wake wa ulinzi walikuwa wamekaa benchi. Msomaji makini huziondoa kwanza. Kisha huangalia kila zamu ya mpinzani, yaani kila mara alipopata mpira, ilianzia wapi, kwa kuwa mlinzi anayeingia uwanjani huku mpinzani amebakiza yadi 30 hana kazi sawa na yule anayeanza na yadi 80 nyuma yake. Mchambuzi Brian Fremeau amejenga kipimo kizima juu ya wazo hilo: hesabu yake ni ya zamu, si ya michezo, na huacha nje dakika ambazo mshindi ameshajulikana.

Mchambuzi mwingine, Bill Connelly, hushuka hadi kwenye jaribio mojamoja. Kwa kanuni yake jaribio la kwanza limefaulu likileta nusu ya yadi zinazohitajika, la pili likileta asilimia 70, la tatu na la nne likizileta zote. Ulinzi unaoruhusu yadi nne katika jaribio la tatu lililohitaji kumi umeshinda, ingawa jedwali la yadi litauandikia hasara. Hapo ndipo mtu huanza kuona anachokiona kocha mwenyewe.

Hata baada ya usafishaji huo wote wa takwimu, Steele alibaki na mengi ya kujibu. Lakini rekodi yake haikuanza usiku ule. Mwaka 2010 ulinzi wake ulikuwa miongoni mwa ulinzi mgumu nchini, na Da'Quan Bowers aliongoza vyuo vyote kwa kuwaangusha makwatabeki, mara 15.5. Mwezi mmoja tu kabla ya Orange Bowl, Clemson waliwafunga Virginia Tech 38 kwa 10 na kutwaa ubingwa wa ligi yao, ACC, kwa mara ya kwanza tangu 1991. Karibu miaka sita baadaye Steele alikuwa Auburn, na Novemba 2017 ulinzi wake uliangusha timu mbili zilizokuwa namba moja nchini katika mwezi mmoja: Georgia 40 kwa 17, kisha Alabama 26 kwa 14. Aliyemhukumu kwa usiku mmoja wa Florida alikosa kuona kocha mzuri wa ulinzi.

Na Venables je? Wakati Clemson wanamchukua, faili lake halikuwa la kupendeza machoni. Alikuwa Oklahoma tangu 1999, mwanzoni akishirikiana kazi na Mike Stoops, kisha peke yake. Msimu wake wa mwisho kule, Texas Tech walikuja Norman, nyumbani kwa Oklahoma, wakashinda 41 kwa 38 na kukata mfululizo wa ushindi 39 wa nyumbani. Baylor ya Robert Griffin ikawafunga 45. Mashabiki wengi wa Oklahoma walimwona amechoka.

Lakini Oklahoma ilicheza kwenye ligi ya Big 12, na Big 12 ya miaka ile ilikuwa ligi ya mbio. Timu hazikukusanyika kupanga jaribio. Zilirudi kwenye mstari mara moja na kuanza tena kabla walinzi hawajavuta pumzi. Majaribio yakawa mengi, zamu zikawa nyingi, na pointi zikapanda kwa kila timu. Pointi 22 kwa mchezo katika ligi hiyo na pointi 22 katika ligi ya timu zinazotembea taratibu ni vitu viwili tofauti kabisa. Aliyegawanya pointi za Venables kwa idadi ya zamu, akazilinganisha na za majirani zake, aliona mtu mwenye uwezo ambaye jedwali lilikuwa likimficha.

Halafu kuna suala la muda, na hapa wengi hushindwa kabisa. Septemba 2012, katika mwezi wake wa kwanza, Florida State walimfunga Venables pointi 49. Mwaka uliofuata walikuja Clemson kwenyewe wakaondoka na ushindi wa 51 kwa 14. Nani angemlaumu shabiki aliyesema hakuna kilichobadilika? Ila wachezaji wengi waliokuwa uwanjani walikuwa bado wanajifunza mfumo mpya, na vijana aliowasajili mwenyewe walikuwa hawajakomaa. Mwaka wake wa tatu, 2014, Clemson walikuwa wa kwanza nchini kwa kuruhusu yadi chache. Desemba hiyo walikutana na Oklahoma, waajiri wa zamani wa Venables, wakawafunga 40 kwa 6.

Baadaye yakaja mataji ya misimu ya 2016 na 2018, na pamoja nayo pingamizi lenye uzito: yeyote angefanikiwa akiwa na wachezaji wale. Safu ya mbele ya 2018 ilikuwa na Clelin Ferrell, Christian Wilkins na Dexter Lawrence, na wote watatu walichaguliwa katika raundi ya kwanza ya uchaguzi wa wachezaji wa NFL, ligi ya kulipwa, mwaka uliofuata. Pingamizi hili halijibiwi kwa takwimu za 2018. Linajibiwa kwa kutazama 2019, walipokuwa wameondoka. Venables alibadili umbo lote. Mara nyingi aliweka watu watatu tu mbele, akajaza walinzi wepesi nyuma, na kumzungusha Isaiah Simmons kila kona ya uwanja, leo karibu na mstari, kesho ndani kabisa kama beki wa mwisho. Clemson walifika fainali tena, ambako LSU ya Joe Burrow iliwafunga 42 kwa 25. Kipigo hicho kimo kwenye rekodi na ni haki kiwemo. Lakini anayetafuta alama ya mkono wa mratibu ataipata zaidi katika mwaka ule wa mabadiliko kuliko katika mwaka wa taji.

Jim Knowles, mratibu mwingine wa ulinzi, anawapa wapimaji mtihani mgumu zaidi. Aliingia Ohio State mwaka 2022, na Novemba hiyo Michigan walimfunga 45 kwa 23, karibu tachidauni zote zikitokana na mipigo mirefu: pasi za yadi 69 na 75, mikimbio ya yadi 75 na 85. Ukihesabu majaribio yaliyobaki, ulinzi wake ulikuwa umesimama imara. Tatizo lilikuwa na jina, na lilirekebishika. Katika msimu wa 2024 Ohio State waliongoza nchi kwa kuruhusu pointi chache na wakatwaa taji, wakiifunga Notre Dame 34 kwa 23. Penn State wakamchukua. Oktoba 2025 UCLA, timu ambayo haikuwa imeshinda hata mchezo mmoja msimu huo, iliwafunga 42 kwa 37. Mtu yuleyule, daftari lilelile la mbinu, na mwaka haujapita tangu ubingwa. Mpimaji mzuri hapo hasemi kwamba Knowles amekwisha, wala hajifichi nyuma ya taji. Anarudi kwenye picha na kuuliza ni mambo yapi ya Ohio State yalihitaji wachezaji wa Ohio State.

Venables mwenyewe alirudi Oklahoma kama kocha mkuu Desemba 2021. Msimu wa kwanza timu ilishinda sita na kupoteza saba, na Texas wakawafunga 49 kwa 0. Kwa msimu wa 2025 alichukua tena jukumu la kuita mipango ya ulinzi kwa mkono wake, na Oklahoma wakaingia kwenye mchujo wa kitaifa, wakaongoza Alabama 17 kwa 0 nyumbani, kisha wakafungwa 34 kwa 24. Mafaili ya mchezo huo bado yanasomwa, zamu baada ya zamu, na watu wanaotaka kujua ni zipi kati ya pointi zile 34 ziandikwe kwa jina lake.