Nyanya Ndani ya Makumbi: Tatizo Ni Maji Kabla ya Mbolea

Nyuma ya kila kibanda cha nazi mjini Tanga kuna rundo la makumbi. Mengine huishia jikoni badala ya kuni, mengine huchomwa tu. Makumbi hayohayo yakisagwa hutoa unga na nyuzi ambazo wakulima wa kitalu nyumba katika nchi nyingi huoteshea nyanya, hoho na stroberi bila udongo. Kwa mkazi wa Nguvumali mwenye ua mdogo, au mwenye udongo ulioambukizwa mnyauko, hiyo ni njia nzuri ya kupata mboga. Lakini anayejaza ndoo, akapanda na kumwaga mbolea kama alivyozoea shambani, mara nyingi huvuna miche iliyodumaa, majani yaliyoungua kingo na nyanya zinazooza kitako. Lawama humwangukia muuza mbegu. Tuyafuate maji, tutaona kosa lilipoanzia.

Mnazi hustahimili chumvi, na kumbi lake huja na potasiamu, sodiamu na kloridi kwa wingi. Hali huwa mbaya zaidi kwa makumbi yaliyolowekwa baharini. Kule Paje na Jambiani, Unguja, wanawake huyafukia ufukweni kwa miezi ili wapate usumba wa kusokotea kamba. Kwa kamba, chumvi ile si hoja. Kwa mche wa nyanya ni balaa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekuuzia ni moja: haya yalilowekwa wapi?

Hatua ya pili ni kuosha, na hapo ndipo kipima EC kinapohitajika. EC ni uwezo wa maji kupitisha umeme. Chumvi ikizidi, namba inapanda. Mwongozo wa FAO uliotolewa na Ayers na Westcot mwaka 1985 unasema maji ya umwagiliaji yenye EC chini ya 0.7 dS/m hayana kizuizi, na yakivuka 3.0 kizuizi ni kikubwa. Loweka makumbi, koroga, kamua konzi moja juu ya kikombe, kisha pima yale maji ya kahawia yanayotoka. Rudia hadi namba ishuke chini ya 0.5 au ikaribiane na ya maji unayooshea. Ukioshea maji ya kisima chenye EC ya 2, kumbi halitashuka chini ya hapo hata uoshe wiki nzima. Angalia pia usome EC yenyewe, si ppm. Maji ya EC 1.0 husomeka ppm 500 kwa kipima kimoja na 700 kwa kingine.

Hata baada ya kuosha kazi haijaisha. Kumbi hushika chembe za madini kama daladala iliyojaa tangu stendi: potasiamu na sodiamu wamekalia viti vyote. Ukimwaga mbolea, kumbi huteka kalsiamu na magnesiamu na kuachia potasiamu na sodiamu, mche ukabaki na njaa ya kalsiamu. Ndiyo maana nyanya huoza kitako ilhali mkulima anaapa kwamba ameweka mbolea. Dawa ni kuloweka makumbi yaliyooshwa kwenye maji ya nitrati ya kalsiamu kwa usiku mzima, kisha kuyasuuza. Gramu 20 katika ndoo ya lita 10 hubeba karibu gramu 3.8 za kalsiamu. Ni kiwango kizuri cha kuanzia. Dukani usipewe CAN ukadhani ni kitu kilekile. Nusu ya naitrojeni ya CAN ni amonia, inayoshindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi, na kalsiamu yake ni chokaa isiyoyeyuka vizuri. Urea nayo, kwa sababu hiyohiyo ya amonia, haifai kuwa chakula kikuu ndani ya kumbi.

Sasa maji ya kila siku. Ya bomba mjini Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki. Kwa kawaida maji ya mto wa mlimani huwa na chumvi kidogo kuliko ya kisima cha pwani, hivyo kalsiamu na magnesiamu lazima uongeze mwenyewe. Kisima ni habari nyingine. Ukanda huu una mawe ya chokaa, yaleyale yaliyochongwa na maji kuwa mapango ya Amboni na yanayolisha kiwanda cha saruji cha Pongwe. Maji yaliyopita humo huacha ukoko mweupe ndani ya birika, na bikaboneti yake hupandisha pH. Nyanya ndani ya kumbi hutaka pH ya 5.5 hadi 6.2 au karibu na hapo. Ikipanda sana, madini ya chuma hayachukuliki, na majani machanga huwa njano huku mishipa ikibaki kijani. Changanya na maji ya mvua, au shusha pH kwa asidi ya fosforiki kidogo kidogo. Tia asidi ndani ya maji, usitie maji ndani ya asidi.

Mvua ndiyo maji bora kuliko yote. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 40 za masika hukusanya lita 2,000. Ndoo 20 za makumbi, lita 10 kila moja, zikioshwa mara tatu kwa ujazo uleule hutumia lita 600.

Mbolea zitengenezwe katika madumu mawili. La kwanza libaki na nitrati ya kalsiamu. La pili libebe fosfeti, salfeti ya potasiamu na chumvi ya Epsom. Ukichanganya vyote vikiwa vizito, kalsiamu huganda na salfeti na fosfeti, ikazama kama tope jeupe usiloweza kumlisha mche. Wakati wa kumwagilia, maji yapite hadi asilimia 10 au 20 itoke chini ya ndoo, kisha pima yanayotoka. Umeingiza EC ya 1.6 na inatoka 2.6? Chumvi inajikusanya, zidisha maji, punguza mbolea. Wala usiache kumbi likauke, kwa sababu maji yakipungua chumvi hukolea kwenye mizizi.

Kama fedha inatosha kununua kitu kimoja tu mwezi huu, nunua kipima EC. Mfuko wa mbolea unaweza kusubiri.